Mabadilishano ya Doyle Alexander na John Smoltz

Mabadilishano ya Doyle Alexander na John Smoltz yalifanywa tarehe 12 Agosti 1987 kati ya timu mbili za besiboli za Marekani, Detroit Tigers na Atlanta Braves. Detroit, iliyokuwa ikiwania ubingwa wa kanda ya mashariki ya Ligi ya Amerika, ilimchukua Alexander, mrushaji mkongwe wa miaka 36. Atlanta ilipewa Smoltz, mrushaji kijana wa miaka 20 aliyekulia Lansing, Michigan, na ambaye bado alikuwa katika ligi za chini.

Alexander alishinda michezo 9 bila kupoteza hata mmoja. Bila yeye ni vigumu kuona namna Detroit ingeipita Toronto Blue Jays, kwani ubingwa uliamuliwa siku ya mwisho ya msimu. Katika mchujo, hata hivyo, alipoteza michezo yote miwili aliyoanza, na Minnesota Twins wakaitoa Detroit kwa 4–1. Mwaka 1989 alipoteza michezo 18, kisha akastaafu.

Smoltz aliichezea Atlanta hadi 2008. Alitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1995 na tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, mwaka 1996. Alipostaafu alikuwa na ushindi 213, ameokoa michezo 154 na kuwatoa wapigaji 3,084 kwa straiki tatu. Aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli mwaka 2015. Detroit haikurudi kwenye mchujo hadi 2006.