Jongo, Baridi Yabisi na Mishipa ya Damu

Ndugu msomaji, bila shaka unamjua bibi mtaani kwenu ambaye akiamka alfajiri vidole vyake havikunjiki. Hata kushika birika la kutawadhia humpa tabu, mpaka jua lipande ndipo maungo yalegee. Nasi husema ni baridi yabisi, tukamsugua mafuta, basi. Lakini maradhi haya yana historia ndefu, wala hayakomei kwenye viungo.

Mwaka 1800 tabibu kijana wa Kifaransa, Augustin Jacob Landré-Beauvais, aliandika risala yake ya kuhitimu juu ya wagonjwa tisa wa hospitali ya Salpêtrière, mjini Paris. Wote walikuwa wanawake (tusistaajabu, kwani Salpêtrière ilikuwa ya wanawake). Zama hizo jongo lilihesabiwa kuwa maradhi ya matajiri, walaji nyama na wanywaji mvinyo. Yeye aliyaona kwa mafukara, akatambua kuwa si jongo lile linalojulikana, ingawa bado aliyaita aina ya jongo.

Aliyekata shauri ni Mwingereza Alfred Baring Garrod. Alichukua maji ya damu ya mgonjwa, akayatia asidi ya siki, akalaza ndani yake uzi wa kitani. Damu ikiwa ya mwenye jongo, chembe za asidi ya uriki ziliganda uzini. Ikiwa ya mwenye maradhi yetu haya, uzi ulitoka mtupu. Uzi tu, msomaji! Mwaka 1859 akayapa jina la rumatoidi athiritisi, nalo ndilo litumikalo hadi leo.

Ama habari ya mishipa ilichelewa sana. Ndani ya kiungo mna utando mwembamba. Katika maradhi haya askari wa mwili wenyewe huushambulia, nao hunenepa, ukatambaa juu ya gegedu na kuila mifupa. Je, nyama hiyo inayoota hulishwa na nini? Jibu lilianzia kwenye saratani. Mwaka 1971 Judah Folkman, mpasuaji wa Boston, aliandika kuwa uvimbe hauwezi kukua ila uoteshewe mishipa mipya ya damu. Wengi hawakumsadiki. Mwaka 1983 huko huko Boston ikagunduliwa protini inayofanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 huko California ikapatikana protini inayoiotesha. Kumbe ni kitu kimoja! Wakakiita VEGF, na mwaka 1994 watafiti wakakikuta katika viungo vya wagonjwa wa rumatoidi.

Hapo ndipo duara lilipoonekana. Utando ukinenepa hukosa hewa. Ukikosa hewa hutoa VEGF. Mishipa mipya huota, nayo huvuja. Kwa mishipa hiyo huingia askari wengine, na utando ukazidi kunenepa. Mwaka 1992, mjini London, Marc Feldmann na Ravinder Maini waliwapa wagonjwa dawa ya kuzuia kichocheo kingine, TNF. Maumivu yalipungua, na baadaye ikaonekana kuwa hata VEGF damuni mwao imeshuka. Dawa za kuzuia VEGF yenyewe zimepata kazi kwenye saratani na macho, lakini hazikuwa tiba ya viungo.

Na sasa lile linalosahauliwa majumbani. Moto ule ule unaootesha mishipa ndani ya goti hupita na damu hadi kwenye mishipa ya moyo, ukaudhuru utando wake wa ndani, mafuta yakajikusanya, njia ikawa nyembamba. Penye goti mishipa huzidi. Penye moyo huziba. Kwa hiyo bibi yule akikwambia kifua kinambana, au ahema kwa kupanda ngazi, usimjibu kuwa ni uzee au ni yale yale ya baridi. Mpeleke akapimwe shinikizo la damu na mafuta ya damuni. Madaktari wa Ulaya, wakikadiria hatari ya moyo kwa mgonjwa wa rumatoidi, huizidisha hesabu yao ya kawaida kwa moja na nusu.