Malimbikizo ya Pensheni ya Ulemavu: Yanavyogusa Fidia, Ruzuku ya Kaya Maskini na Misamaha Mingine

Mtumishi anayelazimika kuacha kazi kwa sababu ya maradhi au ulemavu hupitia kipindi cha kusubiri. Mshahara umekoma au umepungua, jopo la madaktari bado halijatoa taarifa yake, na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii haujaanza kulipa. Kwa familia iliyoko Karema, Inyonga au Majimoto, ambako safari ya kwenda Mpanda kufuatilia nyaraka ni gharama, miezi hiyo huwa mirefu. Baadhi ya kaya hupata msaada kutoka katika mipango ya Serikali. Baadaye uamuzi hutolewa, na pensheni hulipwa pamoja na malimbikizo ya miezi iliyopita. Hapo ndipo maswali huanza. Je, fedha hizo zinafuta ruzuku iliyokwishapokelewa? Je, mtu anaweza kupokea pensheni na fidia kwa wakati mmoja? Je, mtoto wake atakosa mkopo wa elimu ya juu?

Makala haya yanafafanua misingi ya masuala hayo kwa wananchi wa Mkoa wa Katavi wenye halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe.

Nani hulipa pensheni ya ulemavu

Tanzania Bara ina mifuko miwili ya pensheni. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF) ulianzishwa kwa Sheria Na. 2 ya mwaka 2018, iliyounganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) unahudumia sekta binafsi na waliojiajiri. Mwalimu wa shule ya msingi ya Serikali Nsimbo ni mwanachama wa PSSSF, ilhali dereva wa kampuni binafsi mjini Mpanda ni mwanachama wa NSSF.

Mafao ya ulemavu hayatolewi kwa kila anayeugua. Kwa upande wa NSSF, mwanachama anapaswa kuwa hajafikia umri wa kustaafu, na awe amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, jambo linalothibitishwa kitabibu. Aidha, anapaswa kuwa amechangia miezi 180, au miezi 36 ambayo 12 kati yake iwe ndani ya miezi 36 iliyotangulia ulemavu. Asiyetimiza masharti ya uchangiaji hulipwa mkupuo badala ya pensheni ya kila mwezi.

Ni muhimu kutambua kwamba mafao haya yanatokana na michango. Mwanachama hulipwa kwa sababu alichangia na amepoteza uwezo wa kufanya kazi; haulizwi kama ana shamba, nyumba au mwenza mwenye kipato. Kwa hiyo, kupokea ruzuku ya kaya maskini hakumwondolei mtu haki ya pensheni yake.

Tarehe tatu zinazozaa malimbikizo

Katika jalada la mtumishi aliyeacha kazi kwa sababu za kiafya kuna tarehe tatu zisizopaswa kuchanganywa. Ya kwanza ni siku madaktari walipothibitisha kwamba hawezi kuendelea na kazi. Ya pili ni siku ajira yake ilipokoma rasmi kwa mujibu wa barua ya mwajiri. Ya tatu ni siku Mfuko ulipoanza kulipa. Malimbikizo huzaliwa kati ya siku stahili ilipoanza na siku malipo yalipoanza.

Chukua mfano wa kufikirika wa mtumishi ambaye stahili yake inaanza tarehe 1 Machi 2024, lakini malipo ya kwanza yanafanyika mwishoni mwa Aprili 2025. Hapo imepita miezi 14. Iwapo pensheni yake ni shilingi 250,000 kwa mwezi, malipo hayo ya kwanza yatakuwa shilingi 3,500,000. Fedha hizo si zawadi wala nyongeza. Ni kipato cha miezi 14 kilichofika siku moja. Ufafanuzi huo ndio ufunguo wa kuelewa namna malimbikizo yanavyopaswa kutazamwa na taasisi nyingine.

Mshahara na likizo ya ugonjwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara.

Tatizo hutokea pale tarehe ya kukoma kwa ajira inaporudishwa nyuma na kuangukia katika miezi ambayo mtumishi aliendelea kupokea mshahara. Mtu hawezi kuhesabiwa kuwa mtumishi na mstaafu kwa mwezi uleule. Mshahara uliolipwa baada ya tarehe hiyo huweza kuhesabiwa kuwa malipo yasiyostahili na kudaiwa. Mtumishi anashauriwa kulinganisha tarehe iliyo kwenye barua ya kustaafu na hati za mshahara wake, na kuomba ufafanuzi wa maandishi kwa Afisa Utumishi kabla ya kutumia malimbikizo.

Fidia kutoka WCF

Ulemavu uliotokana na ajali au ugonjwa wa kazini una njia yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulianza kutekeleza majukumu yake mwezi Julai 2015, chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura 263. Mfuko huo unahusu sekta ya umma na sekta binafsi, na wanaochangia ni waajiri. Fidia zake ni pamoja na huduma ya matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, utengamao, na posho ya msaidizi kwa anayehitaji uangalizi wa wakati wote. Ulemavu wa kudumu uliotathminiwa chini ya asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na ule unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi.

Tofauti ya msingi iko kwenye chanzo cha ulemavu. Mchimbaji aliyeajiriwa mgodini na kuvunjika mgongo akiwa kazini anaelekezwa WCF. Mwenzake aliyepatwa na kiharusi kisichohusiana na kazi anaelekezwa kwenye Mfuko wake wa pensheni. Anayedhani kwamba hali yake inagusa pande zote mbili anapaswa kuieleza kila taasisi kuhusu ombi alilopeleka kwingine. Kuficha huzaa madai ya kurejesha fedha wakati ambapo zimekwisha kutumika.

Ruzuku ya TASAF

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaotekelezwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulizinduliwa mwaka 2012, na awamu yake ya pili ikazinduliwa Februari 2020. Hapa kigezo ni hali ya maisha ya kaya nzima, si michango ya mtu mmoja. Kaya hupatikana kwa hatua tatu: kuainisha maeneo, utambuzi unaofanywa na jamii yenyewe kupitia mkutano wa kijiji au mtaa, na dodoso linalopima hali ya kaya kwa kutazama mambo kama idadi ya wanakaya, makazi na mali.

Kwa kuwa upimaji hufanyika kwa njia hiyo, ruzuku haipunguzwi shilingi kwa shilingi kila pensheni inapoingia. Hata hivyo, kipato cha uhakika cha kila mwezi ni badiliko kubwa katika kaya, na kukosa kipato cha namna hiyo ni miongoni mwa mambo ambayo jamii huyatazama inapotambua kaya maskini. Kwa hiyo athari ya pensheni hutazamwa zaidi kwa siku zijazo, wakati taarifa za kaya zinapohuishwa.

Ruzuku iliyopokelewa wakati kaya haina kipato, na bila udanganyifu, ilitolewa kwa hali halisi ya wakati huo. Mlengwa anachotakiwa kufanya ni kuijulisha Kamati ya Usimamizi ya Jamii katika kijiji au mtaa wake, au Mratibu wa TASAF wa halmashauri, mara pensheni inapoanza. Mwenye kutoa taarifa mapema hana la kuogopa.

Misamaha ya matibabu na mikopo

Msamaha wa gharama za matibabu kwa wasio na uwezo hutolewa baada ya tathmini ya Ustawi wa Jamii. Mtu aliyesamehewa akiwa hana kipato anaweza kutathminiwa upya baada ya kuanza kupokea pensheni.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) nayo hupima uhitaji wa mwombaji. Ulemavu wa mzazi huzingatiwa unapothibitishwa na Mganga Mkuu wa Mkoa au Wilaya, na mwombaji kutoka kaya inayonufaika na TASAF hutambuliwa. Mzazi aliyepata malimbikizo aeleze kiasi cha pensheni ya mwezi na kuonesha kwamba mkupuo ni wa miezi mingapi, ili mkupuo usichukuliwe kuwa ndiyo kipato chake cha kawaida.

Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, si ruzuku. Masharti yake yathibitishwe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii.

Kwingineko

Zanzibar, Pensheni Jamii iliyoanza mwaka 2016 hulipwa kwa wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi, bila kupima kipato. Uingereza, pensheni ya kazini huondolewa pauni kwa pauni katika msaada unaopimwa kwa kipato, lakini haigusi malipo yanayotolewa kwa ajili ya gharama za ulemavu wenyewe. Kanuni ya jumla ni moja: msaada unaofuata kipato hubadilika pensheni inapoingia, na ule unaofuata hali ya ulemavu haubadiliki kwa sababu hiyo.

Hatua za kuchukua

Mwananchi anayesubiri au aliyepokea malimbikizo anashauriwa:

1. Kutunza nakala za taarifa ya madaktari, barua ya mwajiri na hati za mshahara.

2. Kuhakiki michango yake kupitia NSSF au huduma ya PSSSF Kiganjani, na kudai michango isiyowasilishwa na mwajiri.

3. Kuomba mchanganuo wa maandishi unaoonesha tarehe ya kuanza stahili, pensheni ya mwezi na idadi ya miezi ya malimbikizo.

4. Kupeleka mchanganuo huo kwa kila taasisi inayompa msaada, na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

5. Kutomkabidhi mtu yeyote namba ya siri ya benki au simu kwa ahadi ya kuharakisha malipo.

6. Asiporidhika, kuwasilisha malalamiko kwa Mfuko husika, na baadaye Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia masuala ya kazi na hifadhi ya jamii.

Karatasi moja yenye mchanganuo wa malimbikizo inaweza kuikinga kaya dhidi ya deni lisilostahili, na vilevile kumpa Mtendaji wa Kijiji au Afisa Ustawi wa Jamii msingi wa kutenda haki kwa kaya hiyo na kwa nyingine ambayo bado inasubiri nafasi.