Nyumba za Wageni wa Kabaka

Nauza mabati na mbao hapa Ntinda, Kampala, na kila wiki napeleka mzigo Banda kwa boda la matairi matatu. Wenye nyumba kule wanajenga hosteli za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, ghorofa juu ya ghorofa. Nikiwaambia kwamba kilima chao kiliwahi kuwa mji mkuu wa Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, na kwamba palikuwa na nyumba maalumu za kupokea misafara, wananitazama kama mtu anayetaka kupandisha bei.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 19 Februari 1862 Mwingereza John Speke alifika Banda akitokea kwetu Tabora, wakati huo Kazeh, kupitia Karagwe kwa mfalme Rumanika. Akaonyeshwa vibanda akaambiwa: wageni wote wa mfalme hulala hapa, Waarabu nao hufikia hapa hapa. Speke akanuna. Vibanda ni vichafu, akasema, na yeye si mchuuzi hata awekwe na wachuuzi. Anataka kukaa ikulu. Waliomsindikiza wakamsihi asubiri mfalme asikie kwanza. Kesho yake akaenda barazani, akaambiwa angoje juani, akageuza akarudi zake. Mie hapo nacheka kila mara: mtu kaletwa hadi mlangoni, kapewa paa bure, analalamika.

Paa lenyewe lilikuwa la kazi ya Kiganda. Mafundi walisimamisha nguzo, wakasuka matete yakaungana kwa kamba, kisha wakalaza nyasi tabaka juu ya tabaka mpaka zikakaribia ardhi, hata ukiwa nje huoni ukuta, unaona paa tu na mlango. Sakafuni walitandika nyasi, na nje wakazungusha ua wa matete. Hakuna jiwe, hakuna msumari. Nyumba ya namna hiyo isipotunzwa inaoza, na wafalme wa Buganda hawakuona shida, kwa kuwa mji mkuu wenyewe ulihama kilima hadi kilima. Mutesa alihama zaidi ya mara moja, na mwaka 1882 akajenga Kasubi. Ndiyo maana Banda hapakubaki hata nguzo moja ya nyumba za wageni.

Kwetu ni kinyume. Tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ndiko wasafiri Stanley na Livingstone walikokaa mwanzoni mwa 1872, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti. Tembe ni kuta nene za udongo na paa bapa la boriti lililokandikwa udongo, na katikati kuna ua. Mbele kuna baraza ya kupigia soga. Lile unaloliona leo limejengwa upya, ni makumbusho, lakini ramani yake ni ile ile: nyumba ya mfanyabiashara anayeogopa moto na wezi, kwa sababu ndani kuna pembe za ndovu na vitambaa vya kaniki na merikani vya watu wengine. Bagamoyo nako, mwanzo wa njia, karavansarai ina vyumba vinavyouzunguka ua. Na tusijidanganye: biashara iliyopita katika kuta hizo ilikuwa pia ya watumwa.

Tofauti kubwa ni nani mwenyeji. Kazeh mgeni alikaribishwa na mfanyabiashara mwenzake. Speke na msafiri mwenzake Burton walipofika Novemba 1857 walipokewa na Snay bin Amir, aliyekuwa ameshafika Buganda miaka mitano nyuma. Kabla yake Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna mwaka 1844. Buganda mwenyeji alikuwa Kabaka peke yake, na malazi hayakulipiwa. Chakula ndipo palipokuwa na tabu: wangwana wa Speke, yaani watu wa msafara wake, wakiongozwa na Sidi Mubarak Bombay, walilalamika njaa, na waliambiwa wajichukulie ndizi kwenye mashamba ya watu. Unaona jinsi ukarimu wa mfalme ulivyolipiwa na wakulima.

Na kutoka? Hapo ndipo nyumba zile zilipoonyesha maana yake. Speke alikaa tangu Februari hadi tarehe 7 Julai, akiomba njia ya kwenda Nailo kila mara, na njia hakuipata mpaka Mutesa alipotaka. Kabaka alijua nani amelala wapi, na bunduki zote zilizoingia zilipita mbele yake kabla ya chifu mwingine kuziona. Kwa hesabu zangu za dukani, ile haikuwa nyumba ya wageni bali ghala, na mgeni alikuwa mzigo ulio chini ya ufunguo. Wala simlaumu Mutesa; ningekuwa yeye, ningefanya hivyo hivyo.

Anayetaka kuiona kazi ya matete na nyasi aende Kasubi, kwenye Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka, iliyoungua tarehe 16 Machi 2010 na ikajengwa upya na mafundi wa ukoo wa Ngeye, ambao uezekaji ndio jukumu lao. Mlangoni vua viatu, kisha uangalie juu, kwenye pete za paa, moja kwa kila ukoo wa Buganda.