Little Gidding: kitongoji kilichoinuliwa na wanawake

Mary Ferrar alikuwa mjane mwenye umri wa miaka 70 na ushei alipofika Little Gidding, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1625. Wakulima walikwisha kutoweka, ardhi imebaki malisho ya kondoo. Nyumba kuu ilikuwa imechakaa, na kanisa limegeuzwa ghala la nyasi kavu. Mama huyo hakukubali kupumzika nyumbani kabla kanisa halijasafishwa.

Ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara wa London walioweka mali katika Kampuni ya Virginia, iliyonyang'anywa hati yake ya kifalme mwaka 1624. Mwanawe Nicholas, aliyekuwa mbunge, akaachana na siasa, akawekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1626. Kaka yake John na dada yao Susanna Collett wakahamia na watoto wao. Nyumba ikajaa watu zaidi ya 30.

Siku yao ilipangwa kwa sala. Usiku, kuanzia saa 3 hadi saa 7, wawili wawili walikesha kwa zamu wakisoma Zaburi zote 150. Watoto wa vijiji jirani walialikwa Jumapili: kila Zaburi iliyokaririwa kichwani ilimpatia mtoto peni moja, kisha akala chakula cha mchana.

Lakini kazi iliyoupa ukoo huu sifa ilikuwa ya mikono. Mabinti wa Susanna walichukua Injili nne zilizochapwa, wakazikata kwa mkasi mstari kwa mstari, pengine neno kwa neno, wakazibandika upya pamoja na picha ili maisha ya Yesu yawe simulizi moja. Kisha kurasa zilibanwa kwa shinikizo, viungo visionekane. Mfalme Charles I aliazima kitabu kimoja, akakaa nacho miezi kadhaa, akaagiza chake. Kilikamilika mwaka 1635.

Mfalme alifika mwenyewe mwaka 1642. Alirudi mwaka 1646, usiku, akiwa mkimbizi aliyeshindwa vita, na John akamficha mahali pa jirani. Nicholas hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1637. John na Susanna walifariki mwaka 1657, na maisha yale ya pamoja yakakoma.

Mshairi T. S. Eliot alizuru mwaka 1936, na shairi alilolipa jina la kitongoji lilichapishwa mwaka 1942. Tangu hapo wageni wengi huja kwa ajili yake, au kwa ajili ya mfalme. Ni haki yao, ila wanaruka sehemu kubwa ya habari. Kanisa ni dogo mno, viti vyake vimetazamana, na kaburi la Nicholas liko mbele ya mlango. Atakayefika hapo asiishie kaburini: aulize pia habari za Mary na Anna Collett, wapwa wa Nicholas waliokataa kuolewa wakabaki na kazi ile. Kitabu cha mfalme kipo hadi leo katika Maktaba ya Uingereza, London.