Ramani Kabla ya Kiwanja: Historia Fupi ya Kuchora na Kuandika Njia za Vyombo Vidogo

Katika ofisi za wapima ardhi na za wasanifu majengo jijini Nairobi, neno ramani humaanisha mchoro wa kiwanja au wa nyumba, na ni wachache kati ya wanaobeba karatasi hizo kutoka Ardhi House, Upper Hill, hadi katikati ya jiji wanaofahamu kwamba neno lenyewe lilipanda bara likitokea baharini. Neno hilo huhusishwa na rahmani ya Kiarabu, ambayo nayo huhusishwa na rahnama ya Kiajemi, yaani kitabu cha kuonyesha njia. Na katika Bahari ya Hindi ya zama za kati, rahmani lilikuwa daftari la baharia lenye majina ya bandari, nyota za kufuatwa, vina vya maji na alama za nchi kavu. Daftari hilo lingeweza kukosa mchoro wowote na bado likatimiza kazi yake. Ramani, kwa maana hiyo, ilianza ikiwa maneno na mstari ukaja baadaye, na huenda hiyo ndiyo njia bora ya kuelewa kwa nini mpaka leo mstari wa safari uliochorwa kwenye karatasi bila maandishi hauna faida kubwa kwa anayeshika usukani.

Mtaalamu anayejulikana zaidi katika elimu hiyo ya kale ni Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, ambaye alikamilisha kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari mnamo mwaka 1490 hivi, na ambaye pia alitunga utenzi wa mafunzo kuhusu njia ya kwenda Sofala kupitia pwani ya Waswahili. Katika mfumo wake, duara la upeo wa macho liligawanywa sehemu 32, na nyingi kati yake zilipewa majina ya nyota kulingana na mahali zinapochomoza, yaani matla, na mahali zinapotua; neno la Kiswahili matlai, linalotaja upepo wa mashariki, ni la ukoo huohuo. Umbali ulihesabiwa kwa zam, ambayo ni mwendo wa saa tatu chini ya tanga, na kimo cha nyota kilipimwa kwa isba, yaani upana wa kidole, kwa kutumia kipande cha ubao chenye uzi wenye mafundo. Nyota ya kaskazini haionekani kusini mwa ikweta, kwa hiyo baharia aliyekaribia Malindi au Mombasa alilazimika kuhamia nyota nyingine zilizo juu zaidi angani. Agizo la safari lilikuwa sentensi: kutoka rasi fulani, fuata machweo ya nyota fulani kwa zam kadhaa, mpaka bildi, yaani timazi ya risasi inayoshushwa kupima kina, iguse tope badala ya mchanga.

Si kwamba michoro haikuwapo. João de Barros, mwandishi wa tarehe wa Kireno wa karne ya 16, anaeleza kuwa Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, rubani Mwislamu aliyepewa na mfalme wa mji huo alimwonyesha ramani ya pwani yote ya India iliyopigwa mistari ya wima na ya mlalo katika miraba midogo, tofauti na ramani za Wareno zilizojaa mistari ya dira iliyotawanyika kama miali. Barros anamtaja rubani huyo kwa jina la Malemo Cana, na hapo sikio la Mswahili halina budi kusimama, kwa kuwa malemo ni muallim, mtaalamu wa njia chomboni, neno lilelile lililotupatia mwalimu wa shuleni. Madai kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe yamerudiwa sana katika vitabu vya shule, lakini ushahidi wake ni dhaifu, na Barros anasema mtu huyo alikuwa wa Gujarati. Vyombo vya da Gama viliondoka Malindi tarehe 24 Aprili na kufika karibu na Calicut takriban wiki nne baadaye.

Upimaji wa kina wa pwani hii kwa njia ya Kizungu ulifanywa na Kapteni William Fitzwilliam Owen wa jeshi la majini la Uingereza, aliyefanya kazi kati ya mwaka 1822 na 1826 akiwa na meli Leven na Barracouta. Historia ya Mombasa humkumbuka zaidi kwa kuitangaza kuwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1824 bila kibali cha wakubwa wake, na Port Reitz bado inabeba jina la luteni aliyemwacha pale na ambaye alikufa mwaka huohuo. Kwa mada hii, hata hivyo, cha maana zaidi ni kazi ya mashua zake, ambazo ziliingia milango ya miamba na vinywa vya mito zikitupa bildi na kuandika kina kwa pima, kipimo cha mikono miwili iliyonyooshwa, huku homa ikiwaua wapimaji kwa idadi kubwa. Tarakimu hizo ndogo zilizotapakaa juu ya weupe wa maji ziliifanya karatasi iwe ya kuaminiwa, na zilipatikana kwa gharama ya maisha ya watu.

Nairobi yenyewe iliingia katika habari hii kupitia reli. Makao makuu ya Reli ya Uganda yalihamishiwa hapa kutoka Mombasa mwaka 1899, na kwa vile shirika hilo ndilo lililoendesha meli za Ziwa Victoria, mji ulio mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari ukawa kitovu cha utawala wa mabaharia. Ziwa lilikuwa limezungukwa na Henry Morton Stanley mwaka 1875 kwa muda wa siku 57 katika mashua Lady Alice, iliyobebwa vipandevipande na wapagazi kutoka pwani, lakini ramani yake haikuonyesha ipasavyo Ghuba ya Winam, ambayo mdomo wake umefichwa na visiwa na ambayo huingia bara kwa zaidi ya kilomita 60. Upimaji wa makini wa mwambao ulifanywa mwanzoni mwa enzi ya reli na Kamanda Whitehouse wa jeshi la majini, ambaye msomaji asimchanganye na George Whitehouse, mhandisi mkuu wa reli hiyo.

Namna ya kuchora njia kwenye karatasi hizo haijabadilika sana tangu wakati huo. Baharia wa chombo kidogo hutumia rula sambamba, ambazo ni rula mbili zilizounganishwa ili uelekeo uhamishwe hadi kwenye duara la dira lililochapwa pembeni, pamoja na bikari ya kupimia umbali kwenye ukingo wa latitudo, ambako dakika moja ni maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Mfano wa safari kutoka Mombasa kwenda Kilifi unafundisha mengi, kwa kuwa mstari ulionyooka kutoka Ras Serani hadi mdomo wa hori la Kilifi una urefu wa maili 28 hivi, lakini hupita juu ya nchi kavu ya Nyali na Shanzu. Kwa hiyo ni lazima njia ivunjwe, kipande cha kwanza kikitoka nje ya miamba na cha pili kikielekea kaskazini kidogo upande wa mashariki. Kipande hicho cha pili kikiwa na uelekeo wa nyuzi 20, huandikwa 020, kwa kuwa uelekeo sharti uwe na tarakimu tatu ili 20 isidhaniwe kuwa 200 iliyopoteza sifuri, na baada yake hutiwa T ikiwa umehesabiwa kutoka kaskazini ya kweli au M ikiwa ni kutoka kaskazini ya sumaku. Desturi ya Kimarekani huandika uelekeo juu ya mstari na mwendo chini yake. Desturi ya Kiingereza, ambayo Kenya iliirithi, huweka mshale mmoja kwenye njia ya chombo ndani ya maji, miwili kwenye njia halisi juu ya ardhi, na mitatu kwenye mkondo. Mishale hiyo si mapambo katika pwani ambayo maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita tatu na mkondo wa bahari kuu huvuta kuelekea kaskazini.

Saa ndiyo lebo inayomtega Mswahili kuliko nyingine zote. Kila mahali palipokadiriwa kutokana na mwendo na muda, na kila mahali palipothibitishwa kwa kulenga alama mbili au tatu za nchi kavu, huandikiwa wakati kwa tarakimu nne, na tarakimu hizo hufuata saa inayohesabiwa kuanzia usiku wa manane. Anayesema chombo kimeng'oa nanga saa kumi na mbili asubuhi ataandika 0600, na yule anayesema saa sita mchana ataandika 1200. Tofauti ya saa sita kwa chombo chenye mwendo wa noti tano, yaani maili tano za bahari kwa saa, ni kosa la maili 30, ambalo ni zaidi ya safari nzima ya Kilifi.

Mjini Nairobi kwenyewe, mahali pa kufanyia mazoezi palikuwa Bwawa la Nairobi karibu na Kibera, lililojengwa mwaka 1953, ambapo klabu ya mashua za matanga ilishindana kwa miaka mingi kabla ya taka na magugu maji kulifunika. Bwawa hilo halikuhitaji ramani, kwa kuwa pwani yake yote ilionekana kwa jicho, lakini mtu aliyejifunzia pale kugeuza tanga aliweza kwenda kusomea karatasi huko Kilindini au Kisumu.

Kuna sababu moja inayofanya historia hii iwe ngumu kuandikwa. Mchoro wa kiwanja huhifadhiwa kwa vizazi kwa sababu unalinda mali, ilhali mstari wa safari huchorwa kwa penseli laini kwa makusudi, ili ufutwe chombo kikishatia nanga na karatasi itumike tena. Ramani ya bahari ambayo maandishi yake ya penseli hayakufutwa, au batli, yaani kumbukumbu ya safari, iliyoandikwa kwa mkono wa nahodha wa jahazi au wa meli ya ziwani, ni kitu adimu hata kama kwa mwenyewe kinaonekana karatasi chakavu. Msomaji aliyerithi karatasi ya namna hiyo anaombwa asiisafishe wala asiitupe, bali aipeleke ikaonwe na wahifadhi wa Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue.