Toa Mkono, Mtoto Anachora

Kuna wasee wengi Nairobi wanavaa tishati yenye lile taji la pembe tatu wakidhani ni brandi tu ya nguo. Ni taji la Jean-Michel Basquiat, mchoraji wa New York aliyefariki 1988 akiwa na miaka 27. Mwaka 2017 picha yake ya fuvu, aliyoichora 1982, iliuzwa kwa dola milioni 110.5. Watu wakisimulia maisha yake wanapenda ile sehemu ya kuandika kwenye kuta za mji na kulala kwa marafiki. Mimi napenda sehemu isiyo na drama: mama yake, Matilde, alikuwa anampeleka makumbusho. Akiwa na miaka sita tu, Basquiat tayari alikuwa mwanachama mdogo wa Brooklyn Museum. Chuo cha sanaa hakuwahi kusoma. Kuta za makumbusho alikuwa anazijua kama njia ya kwenda dukani.

Sasa, ukienda jumba la sanaa siku ya shughuli za familia, utapata meza ya watoto. Rangi, gundi, makasi, magazeti ya zamani, watoto wamechafuka mpaka masikio. Wengi wetu tunaona hiyo meza ni mahali pa kuegesha watoi ili wazazi wanywe kahawa. Si kweli. Hiyo meza ilipiganiwa, na vita yenyewe haijaisha, hata hapa kwetu.

Zamani makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani hayakutaka watoto bila mtu mzima. Watavunja vitu, watapiga kelele. Halafu 1901 likaanzishwa jumba la sanaa Toledo, mji wa viwanda vya vioo jimboni Ohio. George Stevens, mkurugenzi wake wa kwanza, na mkewe Nina walifanya kinyume: waliwakaribisha watoto, tena bure, na baadaye masomo ya sanaa ya Jumamosi yakawa desturi ya mji. Angalia hilo neno Jumamosi. Haikuwa sherehe ya siku moja ya kupiga picha na mgeni wa heshima. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda alijua wiki ijayo mlango uko wazi.

Lakini kama unataka kujua nani alibuni ile meza jinsi tunavyoijua, nenda New York, kwa mwalimu aliyeitwa Victor D'Amico. MoMA, jumba la sanaa za kisasa, lilimwajiri 1937 aongoze mambo ya elimu, na alikaa hapo hadi 1969. Mwaka 1942, vita vya pili vya dunia vikiendelea, alifungua kitu alichokiita Children's Art Carnival, na ikawa inarudi mwaka baada ya mwaka.

Hii Carnival ilikuwa na akili. Lango lake lilichongwa kufuata umbo la mtoto, mdogo na mkubwa, ndiyo mtoto ajue hapa ni kwake. Chumba cha kwanza kilikuwa na mwanga hafifu, na ndani kulikuwa na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa na wasanii: vya kusukuma, vya kupapasa, vya kucheza na rangi na mwanga. Hakuna aliyekuambia uchore chochote. Ukishashiba kucheza, unaingia chumba cha pili chenye mwanga wa kutosha, meza, rangi, na vipande vya kila aina vya kubandika. Hapo unatengeneza chako.

Na wazazi? Walibaki nje.

Hiyo ndiyo sehemu iliyonifanya nimpende huyu mzee. Hakuwachukia wazazi, alijua tu tabia yao. Mtoto anachora ng'ombe wa kijani, mzazi anainama: "Ng'ombe gani huyo? Leta nikuonyeshe." Imeisha. Kuanzia hapo mtoto hachori, anatafuta alama. D'Amico pia alipinga vitabu vya kupaka rangi ambapo picha tayari iko na kazi yako ni kukaa ndani ya mstari. Wengine wataona alizidisha, na kusema ukweli mimi hivyo vitabu nilivipenda. Lakini hoja yake ina uzito: mstari uliochorwa na mwingine unamfundisha mtoto kwamba picha nzuri iko kichwani mwa mtu mwingine.

Carnival ilisafiri. 1957 ilikuwa Milan na Barcelona, 1958 ikaenda maonyesho ya dunia ya Brussels, na 1963 ikapelekwa India na kuzungushwa miji kadhaa. Lakini nyumbani kulikuwa na tatizo la wazi. Mtoto yeyote ana ubunifu, alisema D'Amico, sawa, ila si kila mtoto ana mzazi wa kumpeleka katikati ya Manhattan. Ilibidi mwaka 1969 Carnival ianzishwe Harlem, kwenye mtaa wa watu weusi, chini ya msanii Betty Blayton-Taylor, na baadaye ikajitegemea kabisa. Kwangu mimi huyo mama ndiye aliyemaliza kazi. Meza bila njia ya kuifikia ni fanicha tu.

Na sisi? Miaka ya 60 mambo yalikuwa yanachemka hapa pia. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Tanzania, aliyesomea sanaa Makerere, alishirikiana na wenzake kufungua Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965. Jina ni mchezo wa maneno: paa, yule swala, anapaa. Msimamo wake maarufu ni kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Yaani mtu wa Kilimanjaro na mtu wa New York, kila mmoja kwa njia yake, wamefika pale pale: usinakili. Moto wa 1997 uliteketeza kazi nyingi sana za Paa ya Paa, lakini kituo hakikufa.

Shuleni kwetu ilikuwa hadithi nyingine. Sanaa ilipotoka kwenye mtihani wa KCPE, shule nyingi zikaiua hata kwenye ratiba. CBC ikairudisha, na unajua kilichofuata. Saa nne usiku, mzazi amekaa sakafuni anamalizia sanamu ya kutishia ndege, mtoto amelala kitambo. Asubuhi sanamu inaenda shule, kila mtu anasifia, na mwalimu anajua kabisa hiyo si mikono ya mtoto wa miaka tisa.

Kwa hivyo hii likizo, ukitumwa kupeleka binamu au mpwa kwenye warsha ya watoto, uliza mambo mawili kabla ya kulipa: mtoto anaanza na karatasi tupu ama picha ya kujaza, na kuna siku nyingine mwezi ujao? Kisha tafuta benchi la mbali. Akikuletea ng'ombe wa kijani, muulize anaitwa nani.