Baniani na Kiatu Chake: Ushahidi wa Maneno juu ya Utamaduni wa Kihindi katika Nairobi

Utangulizi

Waswahili wana methali isemayo, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Methali hii imezoeleka mno hata aghalabu hatuzingatii tena inavyosema. Inasema mambo mawili kwa mpigo mmoja: kwamba mtu anakataliwa, na kwamba kitu chake kinapokewa, tena kinapokewa kama tiba. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa methali hiyo ni muhtasari wa sehemu kubwa ya historia ya utamaduni wa Kihindi katika Afrika ya Mashariki, na kwamba ushahidi wa historia hiyo umehifadhiwa katika msamiati wa Kiswahili. Tumechagua kuutazama ushahidi huo kutoka Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi ambamo ni nadra kumkuta Mhindi akiishi, lakini ambamo haipiti siku bila ya maneno yenye asili ya Bara Hindi kutamkwa.

Mtu akiulizwa ni nini kinachoutambulisha utamaduni wa Kihindi, kwao India au ugenini, hutaja mahekalu, sikukuu na mavazi. Jibu hilo si la uongo, ila ni la mtazamaji aliyesimama nje. Sisi tunapendekeza kipimo kingine: utamaduni uliosafiri na upimwe pia kwa yale ambayo majirani waliyatwaa, na kwa yale ambayo hawakuyatwaa.

Njia mbili za kuingia

Hatuna budi kwanza kutofautisha vipindi viwili. Biashara baina ya pwani yetu na Bara Hindi ni ya kale. Wareno walipofika Malindi mwaka 1498 waliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi wametangulia. Kipindi cha pili ni cha reli. Kati ya mwaka 1896, ulipoanza ujenzi Mombasa, na mwaka 1901, reli ilipofika ziwani Kisumu, waliletwa kutoka India vibarua na mafundi wapatao 32,000. Kiasi cha 2,500 walikufa, wengi wa waliosalia wakarudi kwao, na wapatao 6,700 wakabaki. Wengi wa Wahindi waliojulikana baadaye kwa maduka hawakutokana na vibarua hao, bali walikuja kwa hiari yao, hasa kutoka Gujarati, wakaifuata reli pamoja na bidhaa.

Nairobi ilizaliwa na reli hiyo mwaka 1899, na tangu mwanzo ilikuwa mji wa kutengana. Wahindi waliwekewa maeneo yao, kama vile Parklands, Pangani na Eastleigh. Waafrika wakawekewa yao upande wa mashariki. Kibera ilikuwa na historia ya pekee. Wakoloni waliwapa askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles msitu uliokuwa kando ya mji, nao wakauita Kibra, yaani pori, kwa lugha yao ya Kinubi. Reli ya kuelekea Kisumu ikapita papo hapo. Kawangware, iliyo magharibi ya jiji na kupakana na Lavington, ilikuja kuwa makao ya watu waliofanya kazi katika nyumba, bustani na viwanda vya wengine. Mhindi na mkazi wa mitaa hii hawakuwa majirani wa ua kwa ua. Walikutana dukani, karakanani na jikoni, mmoja akiwa tajiri na mwingine akiwa mteja au mtumishi.

Maneno yaliyotwaliwa

Kwa kuwa ndipo walipokutana, ndipo pia maneno yalipotokea. Tunaposema "Kihindi" hapa tunamaanisha jumla ya lugha mbalimbali: Kigujarati, Kikachi, Kipunjabi, Kihindi chenyewe na nyinginezo. Yakipangwa kwa maana, maneno yaliyotoka huko hukusanyika katika mafungu machache. Fungu la fedha na biashara lina pesa, rupia, laki, hundi, bima na bepari. Fungu la kazi na uchukuzi lina gari, gunia, kuli, dobi na chapa. Fungu la jikoni na mapambo lina chapati, bajia, kachumbari na bangili. Yako mengine ambayo asili yake haiamuliki kwa urahisi, kwa sababu Kiajemi, Kiarabu na Kihindi vilikwisha kuazimana kabla ya kufika kwetu. Duka ni mfano mmojawapo.

Tufanye hadhari pia na asili za kubuni. Husemwa mara kwa mara kuwa "harambee" ni wito wa vibarua wa reli kwa mungu wao wa kike Ambe. Dai hilo linapendeza masikioni, lakini halijathibitishwa, na neno lisilothibitishwa haliwezi kubeba hoja.

La kuzingatia zaidi ni yale ambayo hayakuja. Kiarabu kilitupa heshima, aibu, sadaka, amana, haki na imani. Hayo ni maneno ya tabia na dhamiri, nayo huazimwa pale ambapo watu husali pamoja, huoana na kuzikana. Ni vigumu kupata katika Kiswahili neno la namna hiyo ambalo bila shaka lilitoka Bara Hindi. Kaka na dada huenda yakatajwa kama pingamizi, lakini asili yake ingali inabishaniwa. Kwa jumla Kiswahili kilitwaa kiatu kikamwacha Baniani. Mambo ambayo Wahindi wenyewe wangeyataja kuwa uti wa maisha yao, yaani jamaa kubwa ya pamoja chini ya wazee, nadhiri, kufunga, kuepuka kuua kiumbe, yalibaki ng'ambo ya kizingiti.

Chapati

Hata hivyo, kitu kilichotwaliwa hakibaki kama kilivyokuwa. Kaskazini ya India chapati ni chakula cha kila siku: unga wa ngano usiokobolewa, maji, na chuma kikavu cha moto. Chapati ya Nairobi hufanywa kwa unga mweupe, husukumwa, hupakwa mafuta, hukunjwa na kusukumwa tena, hata ikafanana zaidi na kile ambacho Wahindi hukiita paratha. Ilifika kwa njia ya mapishi ya pwani na kwa mikono ya wapishi walioajiriwa katika nyumba za Wahindi. Kwa kuwa ngano na mafuta vilikuwa ghali, katika nyumba za Waafrika ikawa chakula cha Krismasi na cha kumkirimu mgeni. Jambo la kawaida huko likawa la heshima huku.

Kisha mzunguko ukaendelea. Kibera na Kawangware chapati leo huuzwa mojamoja kando ya njia, pamoja na maharagwe au dengu, kwa mtu ambaye hana nafasi wala mafuta ya kupikia. Imerudi kuwa riziki ya kila siku, na vijana wameipa umbo la Sheng: chapo. Neno likikatwa na kutiwa kiishio cha wenyeji, limekwisha kupata uraia. Mwenye kuisukuma hafikirii India hata kidogo, wala hana sababu ya kufikiri.

Bepari

Neno la pili lina historia chungu zaidi. Bepari, kwa asili yake, ni mfanyabiashara tu. Lakini katika Kiswahili cha siasa, hususa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bepari akawa mwenye mtaji anyonyaye jasho la wengine, na kutokana naye likaundwa neno ubepari kuwa jina la mfumo mzima wa uchumi. Jina la kazi likageuka kuwa shtaka. Mwaka huohuo Kenya ilipitisha sheria za leseni za biashara na za uhamiaji zilizowabana wasio raia, na maelfu ya Wahindi wakaondoka kwenda Uingereza, ambayo nayo mwaka 1968 ikaharakisha sheria ya kuwazuia. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza wa Uganda. Katika jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, maduka na nyumba za Wahindi wa Nairobi ziliporwa na wanawake wakatendewa jeuri. Hatusemi kuwa neno ndilo lililotenda hayo. Twasema kuwa watu wanaofahamiana dukani tu huwa na mlango mmoja wa kufahamiana, na siku ukivunjwa huo hapabaki mwingine.

Waliovuka kizingiti

Ingekuwa si haki kukomea hapo. Hekalu la Makalasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli, humlisha kila msafiri bila malipo na bila kumwuliza dini wala kabila, wote wakila chakula kimoja. Ndiyo desturi yao iitwayo langar. Neno hilo halikuingia katika Kiswahili, lakini jambo lenyewe linajulikana na madereva wengi wa njia ya Mombasa. Vivyo hivyo Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, alidai uhuru wa Afrika ya Mashariki hadharani katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, mwezi Aprili 1950. Alikamatwa mwezi uliofuata na hakuachiliwa hadi mwaka 1961. Pio Gama Pinto, mwana wa Kigoa aliyezaliwa Nairobi, aliuawa kwa risasi Februari 1965. Mifano hii yatufunza kuwa orodha ya maneno ni ushahidi, lakini si ushahidi wote.

Hitimisho

Mwaka 2017 yalitokea mambo mawili yaliyofuatana. Mwezi wa Juni Wanubi wa Kibera walipewa hati ya ardhi ya ekari 288, baada ya zaidi ya karne moja ya kuhesabiwa wageni. Mwezi wa Julai Wakenya wenye asili ya Bara Hindi walitangazwa kuwa kabila la 44 la Kenya. Jamii hizi mbili zililetwa na dola moja, moja kwa bunduki na nyingine, kwa sehemu, kwa sururu, na zote mbili zikasubiri kuitwa wenyeji.

Lakini hati na tangazo hutolewa na serikali, ilhali maneno hutolewa na watu. Kiswahili kilikwisha kumpa chapati uraia zamani kabla ya serikali kumtambua aliyeileta. Kazi iliyobaki kwetu wanafunzi wa lugha ni kuandika historia ya maneno haya pamoja na ya watu waliokuja nayo, ili methali ile ya Baniani ifundishwe kama kumbukumbu ya namna tulivyoishi, wala isiwe hukumu juu ya jirani.